Majibu ya Mama Chaki

Katika karakana ile ya kushona sare kila mtu aliitwa kwa kazi yake, na mkuu wa meza ya kukatia aliitwa Mama Chaki, kwa ajili ya kipande cha chaki kilichokaa nyuma ya sikio lake la kulia kwa miaka ishirini na saba. Mtoto akipita dirishani, Mama Chaki alikutajia kiuno chake na urefu wa mguu wake, na ukitoka mbio na futi kwenda kuhakikisha, ulirudi unahema na jibu lile lile. Hakuna jora lililopanda juu ya meza yake bila yeye kulipapasa kwanza, kama mama anavyompapasa mtoto mwenye homa.

Jambo moja hakulijua, nalo ni kusoma.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, naye ni binti wa kaka yake. Kaka mtu alipofariki, mtoto alikuwa na miaka mitano. Mama Chaki akamchukua, akamlea, akamsomesha, na sasa Binti alikuwa karani wa oda katika karakana hiyo hiyo. Kila asubuhi, kabla wengine hawajabadilisha viatu, alikuja mezani na karatasi zake, akamwinamia shangazi yake kana kwamba anamsalimia sikioni.

"Shikamoo, Shangazi. Mashati mia mbili na arobaini, meupe, mikono mifupi. Sketi tisini, buluu, marinda manne. Wanataka Alhamisi."

"Marahaba, mwanangu. Marinda manne mbele, au mzunguko mzima?"

"Mbele."

"Haya."

Ilikuwa hivyo tu. Mama Chaki alishika karatasi, akaitazama kwa muda wa mtu anayesoma, akaitundika msumarini. Kwenye kadi za mkato alitia sahihi aliyofundishwa na Binti kuichora, yenye mkia mrefu kama wa mjusi. Miaka ikapita, na kama kulikuwa na mtu aliyeshuku, alikaa kimya.

Kisha meneja wa zamani akastaafu, akaja mpya. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na wiki haikuisha kabla watu hawajamwita Kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wafagiaji, na siku ya pili aliwaagizia washonaji viti vyenye egemeo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Ila alitoka kwenye kiwanda cha viatu, vitambaa hakuvijua, na mtu asiyejua jambo huamini kilichoandikwa.

"Ujuzi ukikaa kichwani mwa mtu mmoja," aliwaambia, "siku akiugua yeye tunaugua sote. Nataka mtihani. Maswali kumi, kwa maandishi. Atakayeongoza ndiye atakayekuwa mkuu wa meza. Nafasi iko wazi kwa kila mtu. Hata karani, hata mpiga pasi."

"Na paka?" aliuliza Baba Mvuke, mpiga pasi, bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Maana yeye ndiye anayekaa juu ya meza kuliko sisi wote."

Watu wakacheka. Mama Chaki naye alicheka, huku mikono yake chini ya aproni imeshikana kama watu wanaovuka mto.

Jioni hiyo, nyumbani, chakula hakikumshuka. Binti akaondoa vyombo, akamkalia karibu.

"Usihangaike, Shangazi. Tutakaa benchi moja. Wewe utaninong'oneza, mimi nitaandika karatasi zote mbili. Mwandiko nitaubadilisha."

"Huo si wizi, mwanangu?"

"Wizi wa nini? Majibu si yako?"

Hapo Mama Chaki akapumua. Na wiki iliyofuata, asikudanganye mtu, ilikuwa wiki tamu kuliko nyingi alizowahi kuishi. Kila jioni Binti alifungua daftari akauliza, na Mama Chaki akaeleza, akisimama na kukaa, akichukua kanga kitandani kuonyesha. Hajawahi mtu kuandika maneno yake. Alikuwa akinyamaza kidogo kati ya sentensi na sentensi ili kalamu imfikie, na ilipomfikia alijisikia kama mgeni aliyesubiriwa mlangoni.

"Kitambaa kilichoning'inizwa usikipime," alisema. "Kinadanganya, kama mtoto anayesimama kwa vidole vya miguu ili aonekane mrefu. Kilaze kwanza, ndipo kiseme ukweli. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hata la mtoto?"

"Hata la mtoto, Shangazi."

Siku ya mtihani mabenchi yalipangwa stoo, kati ya majora. Mama Chaki aliwahi. Alichagua benchi la nyuma, akatandaza sweta yake pembeni kumwekea Binti nafasi. Watu wakaingia mmoja mmoja. Mkataji mmoja kijana akataka kukaa hapo, Mama Chaki akamwambia pana mtu. Mwishowe akaingia Binti, amebana nywele, ana kalamu mbili. Alipita kando ya benchi, kando ya sweta, akaenda kukaa mbele kabisa.

Mama Chaki alidhani hakumwona. Akakohoa. Binti hakugeuka.

Karatasi zikagawiwa. Ya Mama Chaki ilikuwa na mistari mingi kama njia za siafu. Aliiweka mbele yake, akashika kalamu, akainamisha kichwa kama walivyoinamisha wengine. Baba Mvuke, aliyekaa benchi la jirani kwa sababu ya kutaka kujua tu, alinyoosha mkono kama anayeokota kitu, akaigeuza karatasi ya Mama Chaki taratibu, juu ikawa juu. Ndipo Mama Chaki alipotambua kwamba mzee yule anajua, na pengine anajua kwa miaka mingi. Akakumbuka karatasi ngapi mzee huyo alimpokeza mezani, na kila mara alizipokea zikiwa zimeelekea sawa.

Saa ilipoisha, alikunja karatasi yake mara mbili, kingo kwa kingo, akaikabidhi. Ilikuwa nyeupe kama shati jipya.

Kesho yake Kalamu aliwakusanya wote mbele ya meza ya kukatia. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Nimesoma karatasi kumi na nne zenye majibu," alisema. "Kumi na tatu zimeandika kazi. Moja imeandika akili. Sikilizeni." Akasoma: "'Kitambaa kilichoning'inizwa usikipime. Kinadanganya, kama mtoto anayesimama kwa vidole vya miguu ili aonekane mrefu.'"

Washonaji wakaguna kwa raha. Mama Chaki alihisi damu ikimpanda masikioni. Kwa dakika moja, Mungu amsamehe, alifurahi. Alidhani Binti amepata njia, kwamba ameandika karatasi mbili palepale mbele na ile nyeupe imebadilishwa. Akajisawazisha aproni, tayari kuitwa.

"'Mkasi usiufunge mdomo mpaka mwisho wakati wa kukata,'" Kalamu aliendelea, "'ukiufunga kila hatua, ukingo wa kitambaa utaota meno. Kitambaa chenye manyoya kipapase kama paka. Upande mmoja kitakubali, wa pili kitakukataa. Vipande vyote vielekee kunako kukubali.'" Akashusha karatasi. "Aliyeandika haya amekaa nasi kimya akituandikia oda. Karani wetu. Kuanzia leo ndiye mkuu wa meza."

Makofi yakapigwa. Binti alitazama sakafu, akatabasamu tabasamu la mtu anayepigwa picha.

"Na hili la mwisho," Kalamu akasema, "sikulikuta kwa mtu mwingine yeyote. 'Kitambaa cheusi kikishuka kwenye jora kilazwe siku mbili kabla ya kukatwa, maana weusi wake bado una hasira.' Nadhani ni mambo ya rangi kutulia. Hii itakuwa kanuni ya karakana."

Mkataji kijana akakuna kichwa. "Lakini Meneja, vile vizibao vyeusi vya mwaka juzi tulivikata siku hiyo hiyo."

"Na vilirudishwa. Nimeona kwenye faili."

"Vilirudishwa kwa sababu ya vifungo, si..."

"Vilirudishwa," alisema Kalamu, akaikunja karatasi.

Mama Chaki yeye alikuwa ameduwaa. Neno lile la weusi wenye hasira hakulisema wiki ile. Alilisema miaka ishirini iliyopita. Binti alikuwa na miaka sita, akitoka shule akija kucheza chini ya meza, na siku moja alipanda juu ya kiti, akashika mkasi mkubwa, akajaribu kukata kitambaa cheusi, mahali ambapo hata mtu mzima haoni vizuri kivuli cha kidole chake. Akajikata dole gumba. Damu haikuwa nyingi, ila Mama Chaki alitetemeka siku nzima. Tangu hapo kila jora jeusi lilipoletwa, alimwambia: subiri siku mbili, mwanangu, hiki bado kina hasira, kitakunyang'anya kidole. Siku mbili, kwa sababu baada ya siku mbili kitambaa kingekuwa kimeshakatwa na kushonwa, mezani hakipo tena. Ulikuwa uongo wa kumlinda mtoto. Na huyu mtoto ameutunza miaka yote, kisha ameuandika kama elimu.

Siku hiyo walirudi nyumbani kila mtu kwa njia yake. Jua lilikuwa bado dirishani Mama Chaki alipoanza.

"Nilikuwekea nafasi."

"Niliona, Shangazi."

"Kumbe uliona."

Binti alivua viatu, akavipanga sawasawa, kushoto na kulia. "Ningefanyaje? Karatasi mbili zenye majibu yale yale, angejua tumenakiliana. Ingebidi moja ishindwe. Wewe umebakiza miaka mitatu upumzike. Mimi nina thelathini mbele yangu. Unataka nizeeke naandika marinda manne, marinda manne?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Mama Chaki alifikiria. Ukweli ni kwamba angekubali. Angelia kidogo, angekubali, na angemwombea. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Ameibiwa kitu ambacho angempa kwa mikono miwili.

"Na maneno yangu," alisema. "Hata la mtoto wa vidole vya miguu hukuliacha."

"Shangazi, mimi ndiye niliyeandika. Maneno yanasemwa kila siku, yanapotea. Mimi nimeyaweka yakaonekana. Au ulitaka nimwambie Meneja ni ya kwako? Angeuliza mbona hukuyaandika mwenyewe. Ningemjibu nini? Siri yako nimeitunza."

Mama Chaki alitazama ile siri, ambayo kwa miaka yote aliidhani blanketi linalowafunika wote wawili, akaona kwamba mwenzake amelivuta lote upande wake.

Jumatatu likaja lori na majora meusi. Chuo fulani kilitaka majoho mia moja na sitini ya mahafali, na kiliyataka Ijumaa, maana Jumamosi wahitimu wataitwa jukwaani. Siku tano zilitosha, kama mkasi ungeanza asubuhi ile. Kalamu akaamuru majora yafunguliwe, yatandazwe, na yasiguswe mpaka Jumatano.

Washonaji wakatazamana. Mmoja ananyonyesha, mwingine ana mama mgonjwa, na kila mmoja aliweza kuhesabu: kazi ya siku tano kwa siku tatu.

Mama Chaki, ambaye sasa aliwekwa kwenye benchi la kukata nyuzi zilizobaki, aliweka kimkasi chake chini, akaenda hadi mbele ya meneja.

"Meneja, samahani. Kitambaa cheusi hakina hasira. Kinakatwa siku kinapofika, kama chochote kingine. Lile neno ni uongo."

"Uongo wa nani?"

"Wangu. Nilimwambia mtoto."

Kalamu alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini nilikupa karatasi kama wenzako. Kama ulijua jambo, mbona hukuandika hata neno moja?"

Mashine zilisimama. Jibu lilikuwa fupi, maneno mawili tu, lakini yalimkwama kama mfupa wa samaki. Mama Chaki alimgeukia Binti, aliyesimama upande wa pili wa meza na chaki mpya mkononi. Hakumwomba aseme yote. Angesema tu, ni kweli, shangazi ndiye aliyenifundisha. Basi.

"Shangazi amechoka," alisema Binti, kwa sauti ya upole. "Siku hizi anachanganya mambo."

Mama Chaki akarudi kwenye benchi lake. Baba Mvuke alipita na kitambaa cha kupigia pasi alichokikunja kingali cha moto, akamwekea magotini, maana alijua magoti yake yanamsumbua kukiwa na ubaridi.

"Ingekuwa mimi, ningempiga na pasi," alinong'ona.

"Pasi ina kazi," alijibu Mama Chaki, na machozi yakamdondokea kwenye nyuzi.

Jumatano ikafika. Katika karakana ile, kipande cha kwanza cha oda kubwa hukatwa na mkuu wa meza, na wakataji wengine hukifuata. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Safari hii mkuu wa meza hajawahi kukata hata leso.

Binti alichora kwa chaki, na mchoro haukuwa mbaya, maana daftari lilikuwa wazi kando yake. Kisha akashika mkasi mkubwa. Watu kumi na tatu walisimama wakimngoja. Akauingiza kwenye kitambaa, akasita, akautoa. Akauingiza tena. Kutoka benchi la nyuzi Mama Chaki aliona kwamba Binti anakiogopa kitambaa. Siku mbili zimepita na bado anaamini kina hasira. Dole gumba la kushoto lilikuwa limetangulia chini ya weusi, pale pale ambapo mkasi ungepita.

Mama Chaki hakujua ameinuka saa ngapi. Alijikuta mezani, ameshika kile kidole, amekiondoa.

"Toa mkono," alisema.

Binti akautoa. Mama Chaki akapokea mkasi, akakata. Hakukata kwa hasira wala kwa mbwembwe. Alikata joho la kwanza, bega, ubavu, pindo, mkono mpana, mkasi ukienda nusu mdomo bila kufunga, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayetembea kwenye majani makavu. Vipande vilipoondoka mezani, wakataji wengine waliinama wakaanza, na mashine zikaitika.

"Ahsante, Shangazi," Binti alinong'ona. Uso wake ulikuwa umelowa. "Ahsante, wallahi sikujua..."

Mama Chaki alikuwa anafuta chaki kwenye vidole.

Kalamu alikuwa ameona yote. Alikuja na kadi ya mkato, ile ambayo lazima itiwe sahihi kabla vipande havijaenda kushonwa, akamnyooshea Mama Chaki. Binti, kwa mazoea ya miaka yote, akanyoosha mkono kuipokea kwa niaba yake, amsogelee sikioni, amsomee.

Mama Chaki aliipokea yeye. Akaipitisha mbele ya ule mkono ulionyooshwa, akamrudishia meneja.

"Nisomee wewe," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye pasi. "Mimi sijui kusoma."

Kalamu alimtazama Mama Chaki, akalitazama daftari lililo wazi mezani, akamtazama karani wake, na mtu angeweza kuona yale majibu kumi yakitembea polepole kichwani mwake yakimtafuta mwenyewe. Shingo yake iliiva.

"Mama, yale majibu..."

"Soma kadi, baba. Watu wana majoho ya kushona."

Akasoma, neno kwa neno, bila haraka, kama anayemsomea mgonjwa barua. Tarehe. Idadi. Rangi. Alipofika kwenye mstari wa aliyekata, alikuta pameshaandikwa tangu asubuhi: mkuu wa meza. Akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu, akapafuta.

"Niandike nani?" aliuliza.

Mama Chaki alimwambia jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Hapo karakana hakuna aliyelijua isipokuwa Binti, na Binti alikuwa amesimama kando, mkono wake bado uko hewani, akisikiliza mtu mwingine akiliandika.